Nimerekodi kozi ya kufuga kuku wa nyama, watu wanalipia halafu hawamalizi. Nimekosea wapi?

Mama_Vifaranga:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Niko Morogoro, nafuga kuku wa nyama mwaka wa saba sasa. Mwaka jana nikaona ujuzi huu niuuze mtandaoni. Nikarekodi video 34: historia ya kuku, aina za kuku duniani, ujenzi wa banda, lishe, magonjwa, masoko. Bei 45,000. Wamelipa watu 38. Juzi nikachungulia waliofika video ya kumi, nikakuta sita. Sita jamani! Na bado saa nane za usiku napigiwa simu, "dada, vifaranga wamejikusanya kwenye kona, nifanyeje?" Jibu liko video ya 19! Nifikirie kurekodi upya kwa kamera nzuri, au nishushe bei?

Chapa_Kazi:
Shusha bei. 45,000 ni hela ya mkaa na maranda hiyo.

Fundi_Redio:
Mkuu, wameshalipa, bei inaingiaje hapo? Na kamera haina kosa. Dada, swali langu ni moja: hao watu hulipia lini? Wakiwa bado wanawaza kufuga, au vifaranga wako tayari ndani?

Mama_Vifaranga:
Nimerudi kwenye meseji zao. Karibu wote walishaagiza vifaranga. Wawili walilipia huku boksi liko sebuleni.

Fundi_Redio:
Basi mtu ana boksi sebuleni linalia piu piu, wewe unamsimulia kuku wa duniani.

Bi_Kidawa:
Mimi nimecheka lakini yamenikuta. Nililipia kozi ya namna hiyo (si ya huyu dada), nikaingiza vifaranga 100. Somo moja dakika 40, bando la wiki linaishia hapo. Siku ya saba ikapita nikiwa bado kwenye somo la pili, sijui kama ndiyo siku ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima. Habari ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kuchanjiwa, nilikuja kuambiwa na jirani, nimechelewa. Nikazika sitini na kitu. Baadaye nikaikuta chanjo imeelezwa vizuri tu, somo la 22. Mwalimu hakukosea neno hata moja, ila kuku wangu hawakumngoja.

Mfugaji_Thika:
Pole sana mama. Dada, nipo Kenya na ninafuga pia. Ningekuwa wewe ningetupa mpangilio wa mada, kozi ifuate umri wa kifaranga. Anayejiunga akupe tarehe vifaranga wanaingia, basi. Siku moja kabla apate ujumbe: leo washa joto, usingoje wafike. Siku ya kwanza mtumie picha nne, hata video haihitajiki. Waliorundikana chini ya joto wanasikia baridi. Waliolikimbia huku midomo wazi wamezidiwa na joto. Waliobanana upande mmoja, kuna upepo unapita. Waliotawanyika wakila na kunywa, nenda kalale. Anayetaka namba mpe: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unashusha kama tatu kila wiki. Wengi hawana kipimajoto, picha ndiyo kipimajoto chao.

Siku ya sita jioni: kesho chanjo. Chanjo inachanganywa kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo tafuta maji yasiyo na ile dawa ya kusafishia maji ya bomba, wanyime maji kwa muda wa saa moja au mbili wapate kiu, wakipewa yenye chanjo wayamalize ndani ya saa mbili. Ratiba yenyewe waithibitishe kwa daktari wa mifugo wa kwao, si kila mahali iko sawa.

Kisu_Butu:
Nzuri kwenye maandishi. Watu 38 wenye tarehe 38, huyu dada atalala saa ngapi?

Mfugaji_Thika:
Awapokee kwa mafungu. Wote wa fungu moja waingize vifaranga wiki moja, grupu moja la WhatsApp, maswali saa mbili hadi saa tatu usiku. Atakayekwama saa nane ana picha zake nne.

Mama_Vifaranga:
Wakuu, nimerudi. Nimewapigia watano walioishia njiani, nikawauliza walikuwa wanataka nini siku ile wanalipa. Nilijua watasema magonjwa. Watatu wamesema hawajui watamuuzia nani kuku wakifika siku ya 35, maana kila siku inayozidi ni chakula tu. Mmoja, mtu mzima, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba somo la kuchanganya chakula lilimshinda kwa sababu ya asilimia. Yeye anapima kwa debe. Na mimi nyumbani napima kwa debe hilohilo! Asilimia niliziweka nionekane msomi.

Historia ya kuku nimefuta. Somo la kwanza sasa ni kutafuta mnunuzi kabla hujaagiza kifaranga, dakika nne. Fungu la kwanza nalijaribu bure, watu wanane. Mwenye vifaranga wanaoingia Jumanne ijayo aje inboksi, sharti lake akikwama aniambie amekwamia wapi.

Bi_Kidawa:
Niandike. Hamsini tu safari hii.