Mtwara au Bukoba? Nimepata watu wawili wa kubadilishana nao kituo

Chaki Nyeupe

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Hisabati na Fizikia, mwaka wa saba huu nipo Kilosa. Tangu treni ya umeme ianze kupita hapa 2024, kituo changu cha kazi kimegeuka lulu. Nilitangaza natafuta wa kubadilishana naye, haikuisha wiki nikapata wawili wa masomo yale yale: mmoja yuko Mtwara, mwingine Bukoba. Wote wana haraka.

Sina ugomvi na Kilosa. Nataka tu mahali pa kutia nanga: nijenge, nipande kitu cha kudumu, watoto wakulie hapo. Mke wangu ni fundi cherehani. Watoto ni wawili, mkubwa yuko la tatu. Wazazi wako Iramba, Singida, na mama ana presha, kwa hiyo kila likizo ndefu lazima nifike.

Huku ni pwani ya kusini kabisa, kule ni ziwani, kaskazini magharibi kabisa. Kote sijakanyaga, nakujua kwa utabiri wa hali ya hewa tu. Mliokaa huko nipeni ukweli, si matangazo.

Kusi la Mikindani

Karibu Mtwara, mwalimu. Mimi nilikuja mwaka wa zile vurugu za bomba la gesi, 2013, kwa kibarua cha miezi sita. Nikaoa huku huku. Kwa hiyo ujue mapema naegemea wapi.

Joto lipo, nisikudanganye. Novemba mpaka Machi shati la asubuhi saa nne limeshaloa, na usiku utatamani kulala uani. Ikifika Juni kusi linavuma, hapo hadi Agosti ni raha tupu. Mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi.

Sasa hilo la kupanda kitu cha kudumu. Kitu chenyewe huku ni korosho. Mkorosho unaanza kukuonyesha chochote mwaka wa tatu, baada ya hapo utauachia wanao. Kazi yake ni palizi na kupuliza salfa maua yanapotoka, maana ugonjwa wa ubwiri unga ukiwahi umekwisha. Kupuliza kunaangukia Juni na kuendelea, likizo yako hiyo. Kuokota ni kuanzia Oktoba. Unapeleka chama cha msingi, mzigo unaingia ghalani, unapigwa mnada, pesa inaingia benki. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakapaua nyumba zilizokuwa zimesimama miaka. Usidhani kila mwaka ni hivyo. Waliokuwepo 2018, serikali iliponunua kwa 3,300, wanakumbuka bei ilivyowafurahisha na malipo yalivyowasubirisha.

Mama cherehani naye aelewe jambo moja: huku pesa ina msimu. Oktoba mpaka Januari atashona hadi macho yamuume. Machi na Aprili cherehani inalala.

Nshomile Mstaafu

Bukoba hailinganishwi, inatembelewa. Mvua karibu mwaka mzima, kama milimita 2,000, kijani hakikauki. Joto la wastani, baridi ya wastani. Ziwa mbele, migomba nyuma. Mzazi wa kwetu anakuja shuleni mwenyewe kuuliza kwa nini mwanawe kapata 60 ya Hisabati na si 90. Mwalimu ana heshima yake kijijini, hata akiwa kijana.

Utakula ndizi na maharage, utakula sato, na Novemba senene wakishuka utasahau kama uliwahi kuishi Kilosa.

Kusi la Mikindani

Mzee wangu, nilijua tu senene watatua kwenye uzi huu kabla ya hoja.

Nshomile Mstaafu

Endelea kuchimba mizizi yenu ya ming'oko, kijana.

Dereva wa Usiku

Nimeendesha basi njia zote mbili, nitazungumzia barabara tu, mengine siyajui.

Kila mtu anapima kutoka Dar. Mtwara kama kilomita 560, Bukoba karibu 1,400, basi wanasema Mtwara ni karibu. Lakini mwalimu kwao si Dar, kwao Iramba. Basi la Bukoba linatoka Dar linapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo. Maana yake linakatiza wilayani kwenu! Ukitoka Bukoba unashuka Misigiri, unatafuta usafiri wa Kiomboi, umefika kwa mama bila kuuona mji wa Singida.

Kutoka Mtwara lazima uende kwanza Dar, ulale, kesho yake uanze upya kupanda juu. Njia nyingine ni Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, Dodoma. Siku hizi ni lami, ila hapo umeizunguka nusu ya nchi na watoto wawili mapajani. Halafu kusini kwenda Dar barabara ya maana ni moja. Mei 2024, zile mvua na kimbunga Hidaya, ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakalala njiani siku kadhaa. Mimi nilikuwa mmoja wao, tulikula biskuti mpaka tukazichukia.

Bukoba nayo ina yake. Safari inavunja kiuno. Desemba Wahaya wote wanarudi kwao na tiketi inakuwa vita. Lakini njia zimefunguka: daraja la Kigongo–Busisi limeanza kutumika Juni 2025, kama kilomita tatu, ile foleni ya kivuko kwenda Mwanza sasa ni hadithi. Usipotaka barabara kuna meli ya New Victoria, unapanda Bukoba usiku, unaamkia Mwanza.

Udongo Mwekundu

Mbona hakuna anayegusa ardhi, na mwalimu kasema anataka kujenga na kupanda?

Nimekaa Kagera miaka tisa. Ile picha ya nyumba katikati ya migomba inaitwa kibanja, na kibanja ni cha ukoo. Babu kazikwa pale, bibi kazikwa pale. Mgeni kuuziwa si jambo la mezani kati ya watu wawili. Jirani yangu alinunua kwa kijana aliyekuwa na shida ya pesa, karatasi zote zikaandikwa, mashahidi wakaweka sahihi. Mwaka uliofuata wakatokea shangazi na baba wadogo ambao hakuwahi kuwasikia. Wamezungushana kwenye mabaraza miaka minne, na migomba imemezwa na magugu.

Kinachopatikana kirahisi kwa mgeni ni rweya, ile nyika ya nyasi nje ya vijiji. Udongo wake mwembamba. Unapanda miti, unasubiri. Ukitaka migomba pale uwe na ng'ombe wa kukupa samadi na uvumilivu wa mtawa. Na usisahau mnyauko wa migomba upo mkoani tangu 2006, ukiingia shambani unang'oa shina zima.

Jingine dogo: ukipanga nyumba Bukoba mjini, zunguka ukuta kwa macho yako. Tetemeko la Septemba 2016 liliua watu 17 na kuharibu vibaya hata majengo ya shule kongwe kama Ihungo na Nyakato. Zipo nyumba zilizopakwa rangi juu ya nyufa.

Nshomile Mstaafu

Hilo la kibanja kasema kweli. Hata mimi nisingemuuzia mgeni. Ningemkaribisha kahawa.

Sare na Chaki

Kaka mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzio, nilibadilishana kituo mara moja na sitarudia kwa pupa ile.

Kwanza, kuhama kwa kuomba mwenyewe hakuna posho. Lori, nauli za familia, siku za kulala njiani, vyote mfukoni mwako. Pili, kibali kinapita kwa waajiri wote wawili, na mmoja akisema hana mwalimu wa Fizikia wa kuachia, karatasi inalala. Kwa hiyo usiuze hata godoro kabla barua haijawa mkononi.

Tatu, na hapa ndipo nilipoumia: "Mtwara" ni nini? "Bukoba" ni nini? Mtu akitaka kukimbia kituo anataja mkoa, hataji kijiji. Mimi niliambiwa Mtwara nikaona bahari kichwani. Nikajikuta juu kwenye uwanda wa Makonde, bahari siioni hata nikipanda mwembe. Udongo wa kule maji hayakai, yanasukumwa kutoka bondeni. Mashine ikigoma, dumu ndiyo sarafu ya kijiji. Nilijifunza kuoga kwa lita tano, na nywele nikanyoa.

Watu wa kule lakini niliwapenda. Wanafunzi wangu walikuwa wacheshi, wasikivu. Ila ujipange kwa kalenda mbili, ya wizara na ya kijiji. Korosho zikianza kudondoka darasa linapungua. Likizo zikiwa za jando na unyago, wapo wanaochelewa kurudi, na ukienda kwa mzazi kwa hasira umeharibu. Niliyefanikiwa naye ni somo wa mtaa, yaani kungwi, bibi mmoja hivi. Nikimwambia yeye, mtoto anafika kesho yake.

Swali langu kwako: umewauliza hao wawili wanakimbia nini?

Chaki Nyeupe

Dada, umenipiga pale pale. Sikuwauliza. Nimewapigia wote leo mchana.

Wa Mtwara yuko Tandahimba, kijijini, nje kidogo ya mji. Kwa hiyo ni ule uwanda wako. Anahama kwa sababu mkewe ni muuguzi Morogoro na wameishi mbali miaka mitatu. Alisema mwenyewe kuhusu maji kabla sijauliza.

Wa Bukoba... jamani. Nilimuuliza mara tatu. Mara ya kwanza "Bukoba". Mara ya pili "Muleba, ni hapo hapo tu". Mara ya tatu ndiyo akasema shule iko kisiwani.

Dereva wa Usiku

Futa yote niliyoandika kuhusu Misigiri. Basi haliendi kisiwani.

Kusi la Mikindani

Mzee Nshomile, njoo huku, una mgeni.

Nshomile Mstaafu

Visiwa vya Muleba ni Kagera halali na samaki wake ni wa siku ile ile. Lakini sitamdanganya mtoto wa mwenzangu. Kule unaishi kwa ratiba ya boti na upepo. Mama yako akizidiwa usiku, hutoki mpaka ziwa likubali. Wanaokaa wengi ni wavuvi, wanahama na dagaa, leo kambi imejaa, mwezi ujao mabanda matupu. Kwa kijana asiye na familia ningesema nenda miaka miwili, ukatunze pesa. Kwa mwenye cherehani na mtoto wa la tatu, hapana.

Udongo Mwekundu

Kwani lazima uchague kati ya hawa wawili? Kilosa yenye treni utapata hata watu kumi. Tangaza tena, andika wazi: Kagera bara, au Mtwara iwe Manispaa ama Masasi. Anayekimbizana na wewe wiki hii mwache akimbie.

Sare na Chaki

Naunga mkono, ila nitamtetea huyo wa Tandahimba. Mtu aliyetaja ubaya wa kituo chake bila kuulizwa ni adimu kwenye biashara hii. Muulize nyumba anayokaa ina bati la kuvunia mvua, na ina tenki? Kule hilo ndilo swali la kwanza, mshahara ni la pili. Mwenye tenki kubwa akilijaza Machi, anaingia kiangazi akiwa binadamu.

Chaki Nyeupe

Mrejesho, wakuu.

Mke wangu kausoma uzi wote jana usiku kwa simu yangu. Kuhusu kisiwani aliuliza swali moja tu, wavuvi wanashonesha nini, akanirudishia simu. Nimemjibu yule bwana kwa heshima kwamba haitawezekana. Amekata bila kuaga.

Wa Tandahimba nimemuuliza habari ya tenki. Lipo, lita 5,000, na bati ni jipya. Anasema analiacha, halina pa kwenda. Pia kuna mzee jirani anaweza kuniuzia heka mbili zenye mikorosho michanga, kwa mwenyekiti wa kijiji na mbele ya wanawe wote. Hilo la wanawe nimelisisitiza mimi, ahsante Udongo.

Juni nitashuka peke yangu nikaone kwa macho.

Dereva wa Usiku

Tenki zuri. Sasa chukua kalamu. Watu wanne, likizo mbili kwa mwaka, Tandahimba mpaka Dar, kulala Dar, Dar mpaka Misigiri, halafu kurudi. Weka na mwaka ambao mama atakuhitaji mara ya tatu. Piga hiyo hesabu kabla hujasaini, wewe si ndiye wa Hisabati.

Chaki Nyeupe

Nimeipiga mara mbili, kaka. Ndiyo maana nimesema nakwenda kuona, sijasema nahama. Na tangazo nimelirudisha hewani asubuhi: Kagera, nchi kavu.