Ulinganisho: ndege ya sarakasi ya rimoti, fomubodi, EPP au balsa? Kujenga, kuvika na kukarabati

JuaKali_Moro (Morogoro)

Wakuu, salaam. Ndege yangu ya kujifunzia imeanza kunichosha. Ni ile ya bawa la juu, ukiachia rimoti inajinyoosha yenyewe. Sasa nataka ya sarakasi: bawa katikati ya kiwiliwili, mbinuko sawa juu na chini, iruke mgongo chini au kwa ubavu bila kulalamika, na ikiwezekana ining'inie wima kwa propela.

Kabatini nina mota ya 2212 kv 1000 (mizunguko 1000 kwa kila volti), ESC (kidhibiti mwendo wa mota) ya ampea 30, betri za 3S 2200 (seli tatu, mAh 2200) na servo nne za gramu 9, vile vimota vya kusukuma vipande vya usukani. Naona njia tatu. Fomubodi ya milimita 5 ya duka la steshenari, nikate mwenyewe kwa ramani ya bure. EPP, lile povu laini linalonesa, ije na mzigo kutoka China. Au balsa iliyokatwa kwa leza, bawa la mita 1.2.

Ipi inaruka vizuri, hilo video zimejaa. Ninachotaka kujua ni ipi nitaweza kuijenga, kuivika na kuitibu ikianguka hapahapa Moro, ambako hata bawaba ya eleveta (kipande cha mkiani cha kuinua na kushusha pua) huwezi kuipata dukani. Nawasilisha.

Mwewe_wa_Pwani (Tanga)

Fomubodi mkuu, wala usihangaike. Ila elewa kwanza unanunua nini: nguvu iko kwenye karatasi, povu la katikati kazi yake ni kuzitenganisha karatasi mbili tu. Ukiichubua karatasi ovyo ili kupunguza uzito, bawa linakunjika siku ya kwanza ya pindu kali. Chubua upande wa ndani wa mkunjo basi, pengine paache.

Huku pwani adui ni unyevu. Karatasi inakunywa maji kupitia kingo zilizokatwa, wiki mbili unaona imeanza kuachia. Mimi kingo zote nazipaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa maji kidogo, ikikauka napitisha msasa laini, halafu vanishi ya maji mkono mmoja. Mikono miwili ni uzito wa bure.

Mhimili wa bawa: vijiti vya mishikaki viwili viwili, viungo visikutane sehemu moja. Waya za kuvutia eleveta na usukani: spoku za baiskeli. Ni chuma cha milimita 2, hakipindi kizembe, ila tundu la mkono wa servo utalipanua kwa ncha ya kisu. Na supa gluu ya kawaida usiipeleke karibu na povu tupu. Jaribu kwenye kipande cha taka uone linavyoyeyuka.

Halafu usikimbilie umbo la Extra 300, ile ndege halisi ya sarakasi. Tafuta ramani za aina ya Ugly Stik, ile ya Phil Kraft, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa sarakasi mwaka 1967. Boksi, bawa nene lililonyooka, hakuna urembo. Inafanya karibu kila kitu utakachoweza kufanya wewe kwa mwaka mzima, na ikivunjika unakata boksi lingine.

FundiLaini (Nairobi)

Mwewe, kwenye Stik tuko pamoja. Kwenye fomubodi naomba kupinga kidogo, kwa sababu ndugu yetu ametaja kuning'inia kwa propela.

Mota yake kwa propela ya 10x4.7 (kipenyo inchi 10, mwinuko wa panga inchi 4.7) na 3S inavuta gramu 800 hadi 900, ikiwa nzima na betri imejaa. Ili ndege ining'inie na bado uwe na nguvu ya kuitoa pale, unahitaji mvuto wa angalau mara moja na nusu ya uzito wake. Kwa hiyo kila kitu pamoja na betri kisizidi gramu 530 hadi 600, na betri peke yake inakula karibu 180 hapo. Fomubodi nyingi za steshenari zina karatasi nene ya kubandikia picha. Nunua moja, ipime kwenye mizani ya jikoni, gawanya kwa eneo lake. Mimi ikizidi gramu 400 kwa mita ya mraba naiachia wanafunzi wa usanifu.

Hesabu hiyohiyo inaua wazo la balsa ya mita 1.2 kwa vifaa alivyonavyo. Ndege za kimo hicho huwa karibu kilo 1.1 zikiwa tayari kuruka, na zinataka mota ya wati 400 hivi. JuaKali, ukichagua balsa jua umechagua pia mota mpya, ESC mpya na pengine betri. Bei ya boksi la balsa siyo bei ya ndege.

Na wanaosoma uzi huu kutoka nyanda za juu: Moro iko mita 500 hivi juu ya bahari, haina shida kubwa. Sisi Nairobi, karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Ndege ileile inatua kwa kasi zaidi na propela ileile inavuta kidogo. Watu wanaruka moja kwa moja kutoka inchi 10 kwenda 11 wakidhani wamerudisha kilichopotea. Mzigo wa mota unakua kwa kipenyo kilichozidishwa mara tano kwa chenyewe. Ukipiga hesabu, kwa mizunguko ileile hiyo inchi moja inaongeza zaidi ya theluthi hata baada ya kutoa wepesi wa hewa. Pima ampea kwanza, au ongeza mwinuko wa panga badala ya kipenyo.

Bi_Kipanga (Arusha)

Wanaume mmeshaanza mahesabu, mwenzenu kauliza ataitibu vipi ikianguka 😀

Kaka JuaKali, kwa anayejifunza kuning'inia karibu na ardhi, EPP haina mpinzani. Inadunda. Pua ikichanika unamimina supa gluu, unabana, unapulizia kikaushio, umerudi hewani kabla betri ya pili haijapoa. EPP haiyeyuki kwa supa gluu kama povu la fomubodi, hilo watu wanachanganya sana.

Kasoro zake nakwambia wazi. Haipigiki msasa, inang'oka chembechembe, kwa hiyo ukiikata vibaya imebaki vibaya. Ni laini, bila fito bapa za kaboni bawa linatikisika kama sikio la punda, na aileroni (vipande vya nyuma ya bawa vya kubingirisha ndege) zikianza kutetema kwenye mwendo mkali unaweza kuzipoteza hewani. Kaboni hizo agiza pamoja na ndege, huku hazipo. Na haipendezi, ukweli usemwe. Rangi ya kupulizia inakaa, lakini mng'ao wa balsa iliyovikwa filamu hutaupata.

Na jambo ambalo sijaona mtu amelisema: gundi ina uzito. Ndege ya povu iliyotibiwa msimu mzima inanenepa, na inanenepa pasipotakiwa. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito karibu mara tatu kuliko pua, kwa hiyo gramu 10 za gundi mkiani zinadai 25 hadi 30 za risasi puani. Kila baada ya matengenezo makubwa rudisha kwenye mizani na usawazishe upya. Kwa kuanzia weka kitovu robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, rudisha nyuma kidogokidogo kadiri unavyozoea.

ShekheUpepo (Muscat)

Assalaam alaykum. Nimezaliwa Unguja, narusha Oman, asubuhi na mapema kwa sababu ya joto. Niongeze kuhusu kuvika, maana jua la huku linamfundisha mtu.

Filamu za pasi, zile plastiki nyembamba za kuvikia ndege kwa moto wa pasi, hazifanani. Oracover inaanza kushika kwenye nyuzi 105 hivi na kukaza kwenye 150 hivi. MonoKote inataka moto mkubwa zaidi pande zote mbili. Ya kwanza ikilegea kwa joto unaikaza tena mara nyingi, ndiyo maana kwa nchi zetu naipendelea. Kwenye balsa zote sawa. Kwenye povu la fomubodi au Depron (povu jembamba la aina hiyohiyo, lisilo na karatasi) usijaribu moto wa kukaza, povu lenyewe linalainika kabla.

Rangi: juu ya bawa weka nyeupe au njano, chini weka milia mipana ya rangi iliyoiva. Nyeusi juani inachemka, hewa iliyonaswa chini yake inatoka mapovu. Na milia ya chini siyo urembo. Ndege ya sarakasi ikiwa mbali dhidi ya anga jeupe hujui iko chali au la, mpaka umevuta eleveta upande usio wake.

Kwa EPP, nenda kwenye kiwanda cha uchapaji waombe filamu ya roli, ile nyembamba inayong'arishia majalada ya vitabu. Inashika kwa pasi ya nyumbani. Usichukue mifuko ya kulaminetia vitambulisho, ile ni nene na nzito, ndege itaruka kama meza.

Mwewe_wa_Pwani (Tanga)

Shekhe, pasi ya nyumbani kipimo chake ni "pamba" na "hariri". Nyuzi 105 nitazijuaje?

ShekheUpepo (Muscat)

Kata vipande vidogo, jaribu kwenye balsa ya taka. Anzia hariri, panda taratibu. Pale inaposhika bila kujikunja, weka alama ya kalamu kwenye kitufe. Pasi iwe ya zamani, isiyo na matundu ya mvuke, na uivalishe kitambaa laini cha pamba isikwaruze filamu. Na usiirudishe kwa mama watoto baada ya hapo.

JuaKali_Moro (Morogoro)

Shukrani wakuu, na dada Kipanga. Balsa bado inanivuta kwa macho. FundiLaini, tuseme nimevumilia gharama ya mota. Mhimili wa bawa ukivunjika katikati, si ndiyo mwisho wa habari?

FundiLaini (Nairobi)

Hapana, na hapa ndipo balsa inapoonewa. Povu lina sifa ya kutibika haraka. Balsa inatibika vizuri, ikirudi karibu na uzito wa mwanzo, ila siyo uwanjani.

Kwanza pale ilipoanguka okota kila kibanzi, weka kwenye mfuko. Vibanzi vinaoana, mbavu tatu zilizopasuka unaweza kuzirudisha kwa supa gluu nyembamba bila kukata mpya.

Nyumbani toa filamu kwenye eneo la jeraha mpaka ufike kwenye mbavu nzima pande zote mbili. Lalisha bawa juu ya ubao ulionyooka kweli (kipande cha kioo cha dirisha ni bora), libane kwa pini. Mhimili wa juu na wa chini usivikate sehemu moja, viache vipishane mbavu moja au mbili. Kiungo kiwe cha mshazari, urefu wa mkato angalau mara nane ya unene. Fito ya milimita 6, mkato milimita 48, mimi nafika 60. Sugua nyuso zote mbili pamoja kwenye msasa uliobandikwa kwenye kibao, uzishike dhidi ya taa. Ukiona mwanga unapita, bado. Ukiwa hauoni, paka gundi ya mbao au epoksi ya dakika 30. Ile ya dakika 5 haikupi muda wa kunyoosha.

Kisha kibandiko cha plaiwudi ya milimita 0.8 upande mmoja, ncha zake zikiwa zimechongwa kama mkuki. Ukiziacha mraba, anguko lijalo litavunja palepale kibandiko kinapoishia. Katikati ya mihimili rudisha vibao vya balsa, nyuzi za mti zikisimama wima. Watu wanavisahau hivyo, wakati ndivyo vinavyozuia mihimili miwili isikaribiane bawa linapobeba mzigo.

Filamu mpya ipande juu ya ya zamani milimita 6 hivi, uisafishe kwanza kwa spiriti. Kwenye ubavu panda palipo na mti chini yake, kiungo kisielee hewani.

Kitu kimoja kigumu kweli ni ukuta wa mota kung'oka na kupinda pembe. Hapo pima kwa rula kutoka kila kona ya ukuta hadi mkia kabla ya kugandisha. Nyuzi mbili za kosa na ndege haitanyooka tena ukiongeza mwendo wa mota.

Nyando_Flyer (Kisumu)

Swali la pembeni. Kuna mti mwepesi wa majini, ule Wailchamus wa Ziwa Baringo wanatengenezea vihori vyao. Hauwezi kuchukua nafasi ya balsa?

FundiLaini (Nairobi)

Kwa ncha za bawa na pua, sehemu za kuchonga tu, jaribu. Ni mwepesi lakini ni laini mno, kwa mbavu na mhimili usithubutu. Mhimili tafuta msonobari wa nyuzi zilizonyooka, usio na kifundo, kwa fundi seremala. Kachague mwenyewe kwenye mabaki yake.

JuaKali_Moro (Morogoro)

Basi naagiza EPP ya mita moja kwa vifaa nilivyonavyo, na fomubodi naipima kesho kwenye mizani ya shemeji. Balsa ibaki ya mwakani. Betri za ziada niagize pamoja?

Bi_Kipanga (Arusha)

Betri za LiPo usizichanganye na mzigo wa ndege, wasafirishaji wengi wa anga hawazibebi hivihivi na mzigo mzima unaweza kukwama kwa ajili yake. Tafuta aliye nazo Dar. Na zikifika zisikae zimejaa: ukiwa hurushi, volti 3.8 kwa kila seli, nje ya gari lililofungwa juani. Habari ya kibali uliza TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kabla mzigo haujatua, siyo baada.

Mwewe_wa_Pwani (Tanga)

Fomubodi ikiwa nyepesi niambie, ramani ya Stik nakutumia PM.