El Mirador, Calakmul au Yaxchilán: niende wapi?

BintiPemba: Wadau, Machi nitakuwa Amerika ya Kati. Magofu ya Tikal, Guatemala, nayaacha, watalii wengi mno. Nataka magofu ya Wamaya yaliyo ndani kabisa ya msitu. Nimebaki na matatu: El Mirador ya Guatemala, Calakmul na Yaxchilán za Meksiko. Mliofika, nishaurini.

Mguu_kwa_Mguu: El Mirador, wala usijiulize. Barabara hakuna. Unaanzia kijiji cha Carmelita, unatembea siku mbili, nyumbu wamebeba maji na mahema. Kwenda na kurudi kwa kawaida siku tano. Ukifika unapanda piramidi ya La Danta, mita 72 hivi, na huko juu ni msitu tu hadi macho yachoke. Mji ule ulistawi kabla ya Kristo, ukahamwa karne nyingi kabla Tikal haijafika kileleni. Machi ni kiangazi, njia imekauka. Mvua zikianza ni tope hadi magotini, na mbu wa kule hawana adabu.

Dereva_Mstaafu: Mnamtisha dada wa watu. Calakmul unafika kwa gari: unaacha barabara kuu namba 186, unaingia msituni kilomita 60 hivi. Wafalme wake, wa nembo ya nyoka, ndio waliokuwa mahasimu wakubwa wa Tikal. Na kima wa kule wakinguruma utadhani simba. Jaza mafuta mji wa Xpujil, beba maji na chakula.

Kobe77: Nyie mnapima urefu tu! Yaxchilán inafikika kwa boti kutoka Frontera Corozal, mto Usumacinta, ng'ambo ni Guatemala. Utamu wake ni michongo ya juu ya milango. Mmoja unamwonyesha Bibi Xook, mke wa mfalme, akipitisha kamba ya miiba kwenye ulimi ili atoe damu ya kafara. Huo mtafiti Mwingereza, Maudslay, aliuchukua karne ya 19, uko British Museum.

BintiPemba: Sasa Kobe, si bora niende London?

Kobe77: 😂 Mingine ipo palepale. Beba tochi, Jengo la 19 unalopitia kuingia ni giza na popo.

Mguu_kwa_Mguu: Mfuko ukiruhusu, kuna helikopta kutoka mji wa Flores hadi El Mirador. Ila mimi hiyo siihesabu kuwa umefika.

BintiPemba: Helikopta hapana, na siku tano sina. Nachukua hizo mbili za Meksiko. Dereva, nilale Xpujil?

Dereva_Mstaafu: Tafuta kijiji cha Conhuas, ni karibu na njia ya kuingilia Calakmul. Uwe getini mapema, jua la mchana kwenye zile ngazi si mchezo.