Muvi ya anime iliyotokana na sirizi: alama zake mnazitoaje?

BintiMabibo

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie kabla sijagombana na mtaa mzima.

Jumamosi usiku huwa tunaonyesha muvi uani kwa mjomba wangu, Mabibo. Projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani, kiingilio hakuna. Wanaokuja ni mchanganyiko: wanachuo wa hosteli, bodaboda wasio na abiria, watoto wa jirani ambao saa hizo walitakiwa wawe wamelala, na mama mmoja wa chapati anayeangalia jicho moja, lingine liko kwenye kikaango. Kuchagua muvi ni kazi yangu. Jumapili asubuhi nabandika karatasi ya manila kwenye mlango wa duka la mjomba, naandika mistari mitatu minne kuhusu muvi ya jana yake na alama juu ya kumi.

Juzi tuliweka Demon Slayer: Mugen Train, anime (muvi ya kuchorwa ya Kijapani) ya kijana Tanjiro anayewinda mapepo. Niliipa 6. Kufika jioni mtu kaikata kwa makapeni, kaandika 9, na chini yake "hujui anime". Wakati huohuo kijana mwingine wa kijiweni, ambaye hajaona hata episodi moja, ananiambia 6 ni huruma, maana muda wote alikuwa anajiuliza yule binti anayetoka kwenye boksi ni nani, kile kipande cha mwanzi mdomoni ni cha nini, na kwa nini kaka yake anazunguka naye mgongoni.

Sasa mimi nimhukumie nani? Muvi iliyozaliwa na sirizi naipima kwa macho ya aliyeingia getini hajui lolote, au ya aliyemaliza episodi zote 26 za msimu wa kwanza? Manila ni moja na alama ni moja. Na Jumamosi hii wananibana niweke Infinity Castle, muvi nyingine ya sirizi hiyohiyo. Nawasilisha.

Hashira_wa_Temeke

Dada, hizo muvi zimetengenezwa kwa ajili yetu tuliofuatilia. Asiyejua akaangalie sirizi kwanza, hatukumkataza. Mugen Train ilitoka Oktoba 2020, corona imepamba moto, na bado ikaipiku Spirited Away iliyokaa kileleni Japani tangu 2001. Yen zaidi ya bilioni 40. Wewe na 6 yako mnatokea wapi? 9, tena hapo nimebana.

MhaririMagomeni

Mapato yanakuambia watu wangapi waliingia, hayakuambii walichokikuta ndani. Tuyaache.

Mimi nahariri video za harusi na send-off hapa Magomeni. Naletewa picha za kutwa nzima, natakiwa nitoe kitu kifupi ambacho shangazi aliyebaki Mwanza, hakuhudhuria, ataelewa nani ni nani na bado atatoa chozi bibi harusi akiagwa. Aliyehudhuria atalia tu, hata nikiharibu, kwa sababu anakumbuka. Shangazi atalia endapo nimefanya kazi. Muvi za namna hii nazitazama kwa jicho hilohilo: chozi limelipiwa wapi? Ndani ya muvi, au huko nyuma kwenye sirizi?

Chukua Rengoku. Watu wanadhani aliyeangalia sirizi anamjua. Hamjui! Msimu wa kwanza, ule wa 2019, jamaa anatokea mwishoni mwishoni kwenye kikao cha Hashira, yaani wawindaji wakuu wa mapepo, na kubwa analosema pale ni kwamba Tanjiro na dada yake wauawe. Basi. Kwa hiyo siku anapokaa kwenye treni anafakamia maboksi ya chakula na kila tonge anapiga ukelele "tamu!", shabiki na mgeni wanakutana naye karibu sawa. Kinachokuumiza kule mwisho muvi imekijenga yenyewe. Kuna ule mlo. Kuna baba anayepewa taarifa kwamba mwanawe amekuwa Hashira, naye amelala amempa mgongo, hageuki. Kuna mama mgonjwa anayemwambia mtoto kwamba aliyezaliwa na nguvu kuliko wenzake amepewa ili awasaidie wanyonge. Vipande vifupi, vimepangwa na mtu anayejua anachofanya, na mkurugenzi Haruo Sotozaki anastahili sifa hapo.

Nezuko, yule binti wa kwenye boksi, ni suala jingine. Kijana wa kijiweni ana haki, lakini anacholalamikia ni taarifa, na taarifa unampa mtu kabla hujawasha projekta: "Yule ni dada yake, familia yao iliuawa na pepo, yeye akageuzwa pepo ila hali watu." Imeisha hiyo. Uchungu ndio huwezi kumsimulia mtu getini. Usikate alama kwa taarifa iliyokosekana, kata pale muvi inapotaka ulie halafu sababu za kulia imeziacha kwenye sirizi.

Mimi Mugen Train naikatia kwenye kiungo. Enmu, pepo wa kwenye treni, ameshakwisha, treni imelala ubavu, abiria wako hai, muvi nyingine yoyote ingekuwa inaaga. Ghafla anatua Akaza, pepo mwingine ambaye muvi haikumtaja hata kwa bahati mbaya, na linaanza pambano jipya kabisa. Kwenye hadithi inayotoka kila wiki hilo ni jambo la kawaida, adui akiisha analetwa mwingine. Kwenye dakika 117 za muvi moja mshono unaonekana. Ndiyo maana mwaka 2021 studio ileile ya ufotable waliikata wakairusha kwenye televisheni kwa episodi saba na haikupungua kitu. Halafu tazama episodi ya kwanza kati ya hizo saba: ni mpya, Rengoku kabla hajapanda treni, na bibi na mjukuu wake wanaouza vyakula. Wenyewe waliona bado ipo nafasi ya kumjenga.

Ningeandika 7 na nusu. Yako ni ukali, ya huyo mwenye makapeni ni mahaba.

MamaTwaha_Tabata

Kabla ya alama nina swali: hao watoto wa jirani mnawaacha waangalie? Marekani muvi hiyo ilipewa R, aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Japani kwenyewe waliiwekea PG12. Kuna mahali Tanjiro anajikata shingo ndotoni ili aamke, na si mara moja. Twaha aliona pale akanyamaza, kesho yake asubuhi tunakunywa chai ananiuliza mtu akiota vibaya anatakiwa afanye nini. Nilikosa jibu la haraka.

Huku kwetu kitu kikishachorwa tu kinaitwa katuni, na katuni anaachiwa mtoto na rimoti. Umri andika juu kabisa ya manila, kabla ya hizo alama zenu.

Na mimi sirizi sijaiangalia, huwa nakaa nao tu nikikunja nguo. Nililoa macho pale Tanjiro yuko kwao kwenye theluji, wadogo zake wako hai, ameshajua kuwa ni ndoto, na inabidi awageuzie mgongo aondoke huku mdogo wake anamwita. Hakuna aliyenielezea kitu. Kwa hiyo kaka wa Magomeni namuunga mkono.

UbungoRiverside

Mhariri, kipimo chako kinawaonea waliotengeneza muvi kama sura ya mwisho ya hadithi.

Chukua sirizi ya Evangelion: episodi 26, kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996. Mbili za mwisho zinafanyika ndani ya vichwa vya wahusika, na mashabiki wengi walichachamaa. Julai 1997 mkurugenzi wake Hideaki Anno akaja na The End of Evangelion, akamaliza upya. Mweke mgeni mbele ya ile. Maelezo yako ya getini hayatamsaidia hata uyafanye nusu saa. Kila kilichomo kimelipiwa kwenye sirizi. Kwa kipimo chako inapata 3, na ni katika muvi kali nilizowahi kuziona, za kuchorwa au za watu.

Geuza upande wa pili. Muvi ya Cowboy Bebop ya 2001 imepachikwa kati ya episodi ya 22 na ya 23. Mgeni anaelewa kila kitu, muziki wa Yoko Kanno umo, ngumi zimepigwa vizuri kupita muvi nyingi za watu halisi. Lakini mimi niliyemaliza sirizi nakaa najua hakuna kinachoweza kumpata Spike, mhusika mkuu, kwa sababu episodi ya 23 nimeshaiona na yumo. Inajitegemea mpaka haina hatari. Sasa hapo shangazi wa Mwanza kafurahi, aliyehudhuria kapiga miayo. Nani kaonewa?

BintiMabibo

Kaka wa Ubungo umenivuruga kabisa, nilikuwa nimeshaanza kumkubali Mhariri.

Mama Twaha, ushauri nimeupokea, shikamoo. Wale watoto wakifukuzwa wanapanda ukutani, lakini nitaongea na mama zao.

Mhariri, mjibu mwenzio. Halafu niambie kuhusu Infinity Castle, maana Jumamosi hainisubiri.

MhaririMagomeni

Ubungo, sikusema muvi isikope kwenye sirizi, nauliza inafanya nini na ilichokopa. Anno aliwachukua watu uliokaa nao episodi 26, akawafikisha mahali ambapo sirizi haikuthubutu. Hiyo ni kazi ya muvi. Kuna nyingine zinakukumbusha tu ulichokipenda, zinapita. Ila End of Evangelion huwezi kuiweka uani kwa mtu mwenye mama wa chapati na bodaboda. Alama nzuri si ruhusa ya kuonyeshwa popote. Bebop tunakubaliana, raha tupu na mshipa haukazi.

Infinity Castle ya 2025 ni dakika 155, na ni sehemu ya kwanza kati ya tatu, usitegemee mwisho. Ina mapambano makubwa matatu na kila moja nalihukumu tofauti. Shinobu, ambaye ni Hashira, na pepo Doma: chuki ya Shinobu inatokana na dada yake, tunaonyeshwa kidogo, mengine ulipaswa kuja nayo. Zenitsu, mwenzake Tanjiro, na pepo Kaigaku: zuri kwa macho, lakini limefika na kuondoka kabla mgeni hajajua wanagombea nini. Akaza ndiye mwenye muvi. Wanasimamisha pambano katikati, wanarudi nyuma alipokuwa kijana mwizi anayeiba kwa ajili ya dawa za baba yake, kisha mwalimu aliyemwokota, kisha binti mgonjwa wa mwalimu, ambaye kijana ndiye aliyekuwa anamuuguza. Wapo waliokasirika wakisema kumbukumbu ni ndefu na inaua kasi. Mimi ningeikata sehemu nyingine yoyote kuliko ile! Ndiyo pekee ambayo mtu asiyejua chochote anapewa mtu mzima, kuanzia utoto hadi alipoharibika. Kinachonichosha ni kwamba kila anayekaribia kufa lazima tukatazame maisha yake kwanza. Kwenye episodi za kila wiki unavumilia, kwa saa mbili na nusu mfululizo unaanza kuhesabu. Na benchi za mbao uani mnazijua wenyewe.

Nikiwa wewe, Jumamosi naweka The First Slam Dunk, anime ya mpira wa kikapu. Sirizi yake ilikuwa na episodi 101, 1993 hadi 1996, ikaisha bila kufika mechi ambayo wasomaji wote wa kitabu waliisubiri, timu ya Shohoku dhidi ya Sannoh. Mwaka 2022 aliyekichora kitabu, Takehiko Inoue, akaiongoza muvi mwenyewe. Akabadilisha waigizaji wa sauti, mashabiki wa zamani wakanung'unika kabla hata haijatoka. Halafu akafanya ujanja ninaouonea wivu: hadithi akamwondolea Sakuragi, nyota wa sirizi nzima, akampa Ryota Miyagi, yule mfupi jezi namba 7 ambaye maisha yake ya nyumbani sirizi haikuyagusa. Kaka yake alimfundisha mpira wa kikapu, akaenda baharini kuvua, hakurudi, na maneno ya mwisho Ryota aliyomrushia yalikuwa ya hasira. Shabiki wa miaka thelathini hakuwa na habari hizo, na mama wa chapati hana, wanaanza sawa. Mechi ni moja tu, imekatwakatwa na utoto wake, na kila unaporudi uwanjani pasi ileile ina uzito mwingine.

Angalizo la fundi: sekunde za mwisho sauti inaondolewa yote. Wachezaji wanakimbia, midomo inafunguka, husikii kitu. Waambie watu mapema, maana atainuka mtu atikise waya wa spika akuharibie.

Hashira_wa_Temeke

Basketi? Jumamosi nzima? Mapepo yako wapi?

UbungoRiverside

Sannoh ni mapepo tosha, kaa uangalie.

BintiMabibo

Haya. Jumamosi ni Slam Dunk, saa mbili kamili usiku, watoto ruksa. Infinity Castle Jumapili, ni kwa waliofuatilia sirizi na waliotimiza miaka, Temeke na wewe karibu, Mabibo si mbali. Mugen Train naipandisha iwe 7, nusu ya Mhariri siitoi, yule Akaza kweli alinikera.

Manila ya safari hii itakuwa na umri juu, halafu mstari mmoja wa "unachotakiwa kujua kabla hujakaa", halafu alama. Slam Dunk nitaipima kwa aliyeingia getini. Infinity Castle nitaipima kwa aliyefuatilia, na nitaandika hivyo waziwazi ili asije mtu na makapeni yake.

Mwenye waya wa HDMI wa mita kumi kuanzia Manzese hadi Ubungo anicheki, wetu umeliwa na panya.