Tangi la Beetle ya 1972 lina kutu ya magamba: nisafishe, nipake dawa ndani au ninunue jipya?

kabureta_moja

Wakuu, naomba ushauri. Gari ni Volkswagen Beetle ya 1972, lilikaa muda mrefu tangi likiwa nusu. Sasa linawaka vizuri na sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) imetulia, lakini likitembea kidogo kwa mwendo wa kasi linakosa nguvu na kuzima. Ukisubiri dakika chache linawaka tena kama vile halikuwa na shida. Filta ya plastiki imejaa unga wa kahawia. Nikimulika kwa tochi kupitia tundu la geji ya mafuta naona magamba ya kutu sakafuni, na kwa nje, kona moja ya chini, rangi imevimba. Halivuji.

Je, linasafishika? Siki inatosha au nitafute asidi kali? Na ile dawa ya kupaka ndani mnaionaje?

bomba_la_shaba

Mkuu, hizo ni dalili za chujio la waya lililo kwenye tundu la kutokea mafuta chini ya tangi. Pampu ikivuta, magamba yanakusanyika juu ya waya mpaka njia inaziba. Injini ikizima hakuna tena mvuto, magamba yanaachia, mafuta yanapita. Ila njia ya kupumua ya tangi ikiziba, gari huzima vilevile. Likianza kukosa nguvu, simama ufungue kifuniko. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu na gari likapona palepale, shughulikia mpira wa kupumua kwanza.

Kinachonitia shaka zaidi ni hiyo rangi iliyovimba. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini kabisa na kula bati kutoka ndani. Petroli yenye ethanoli inazidisha, maana ethanoli inavuta unyevu; maji yakizidi, hujitenga pamoja na ethanoli na kutua sakafuni. Kutu ikifika nje, rangi ndiyo inayosema kwanza.

Kwa hiyo usinunue asidi yoyote kabla ya kulitoa. Kwenye Beetle ni kazi nyepesi: ondoa waya wa betri (chini ya kiti cha nyuma), nyonya mafuta yote, bana au ziba mpira wa chini, fungua mpira wa shingo, wa kupumua na waya wa geji, kisha bolti nne na vibao vyake. Fanyia nje kwenye hewa. Mvuke wa petroli hutambaa chini, na taa ya gereji au swichi ya friji iliyo mita kadhaa mbali inatosha kuuwasha.

Likishatoka, kwangua hiyo kona mpaka chuma kionekane, kisha bonyeza kwa bisibisi butu. Chuma kizima kinakataa. Kikibonyea au kikitoboka, mjadala wa asidi umeisha.

msasa_80

Tuchukulie bati ni zima. Siki inafanya kazi ila ni polepole, siku kadhaa. Asidi ya sitriki ya unga ni bora: gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya moto kiasi. Tangi lako ni la lita 40 hivi, kwa hiyo andaa kilo 2 hadi 4. Lijaze mpaka juu. Ukijaza nusu, pale maji yanapokutana na hewa utapata mstari mpya wa kutu kuzunguka tangi zima.

Kabla ya hapo toa geji na chujio (asidi itakula sehemu zake laini), ziba tundu la chini kwa bolti na mpira, halafu osha mafuta kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara mbili au tatu. Watu wanaruka hatua hii halafu wanalaumu asidi. Petroli iliyooza huacha gundi kama vanishi juu ya kutu na asidi haipenyi.

Magamba mazito yapunguze kwanza kwa mnyororo mwembamba wa mita moja, na maji kidogo, huku unalitikisa. Mnyororo unautoa wote kwa kuuvuta. Nati na misumari hubaki nyuma ya vizuizi vya ndani (vibati vinavyozuia mafuta kuyumba), utazisikia zikigonga miaka yote.

Acha asidi saa 12 hadi 24 huku ukikagua. Chuma kikiwa kijivu, mwaga. Usiiache wiki nzima, itaanza kula bati lenyewe. Asidi ya haidrokloriki sikushauri kabisa: ni ya haraka, lakini inakula chuma kizima na kutu mpya inarudi ndani ya dakika chache.

Halafu nusu kilo ya soda ya kuokea ndani ya lita 10 za maji, tikisa pande zote, mwaga, suuza. Hapo ni mbio, kabla kutu mpya haijaanza. Mimina lita moja ya spiriti, zungusha, mwaga, rudia. Inabeba maji yaliyojificha kwenye mshono. Kausha kwa hewa kavu ya kompresa. Usitumie kikausha nywele mvuke wa spiriti ukiwa bado ndani, kwa sababu ndani yake kuna waya unaowaka mwekundu. Likikauka, pitisha petroli iliyochanganywa na oili kidogo ya injini, au lifunge na kulijaza siku hiyohiyo.

Dawa ya kupaka ndani mimi natumia ya epoksi, kwenye chuma kikavu chenye ukwaruzo tu.

bomba_la_shaba

Kwenye dawa tunatofautiana. Tatizo lake ni kwamba huwezi kuona unachokipaka. Nyuma ya vizuizi kukibaki unyevu au mafuta, epoksi haishiki. Baada ya muda inabanduka ngozi nzima na kuziba tundu la chini. Kuitoa ni kazi ngumu kuliko kutu. Anayeamua kupaka basi apitishe hewa kidogo kupitia tundu la kutokea wakati wote ili lisizibe, na amwage ziada yote, maana dimbwi zito halikauki vizuri.

Na isichukuliwe kama kiraka cha matundu. Tundu moja mahali chuma ni kizima linazibwa kwa kulehemu na risasi laini, kwa chuma cha kulehemu kilichopashwa moto mbali na tangi, baada ya kuliosha kabisa. Mwali wa gesi na mashine ya kuchomelea ni mwiko. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa: mchanganyiko wa mvuke wa petroli na hewa unalipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6, na mafuta yaliyofichwa kwenye mshono yanatoka upya chuma kikipata joto.

kabureta_moja

Nimelitoa na kukwangua. Kona ilitoboka kwa bisibisi, na pembeni yake kuna vitundu viwili vidogo kama ncha ya sindano. Chujio la waya nusu yake lilikuwa limeoza.

msasa_80

Basi jipya. Vitundu vikikaa pamoja hivyo, bati lililo kati yake ni jembamba kama karatasi, na risasi haina pa kushika. Mtu akikuuzia lililotumika, lipime: ziba matundu, paka povu la sabuni kwenye mishono, jaza hewa kwa pampu ya baiskeli, shinikizo lisizidi baa 0.1. Inaonekana kidogo, lakini kwenye sakafu ya sentimita 40 kwa 60 hiyo ni kilo 240 hivi za msukumo. Baa moja ni tani 2.4, tangi litavimba kama mpira.

bomba_la_shaba

Jipya nalo liweke kando ya la zamani kabla ya kulipia: kipenyo cha shingo, mahali pa bomba la kupumua, mpangilio wa skrubu za geji. Suuza oili ya kiwandani iliyomo ndani. Badilisha mipira yote ya mafuta, weka inayostahimili ethanoli, na puliza bomba la chuma linalokwenda nyuma kwenye injini, kwa sababu kutu iliyokwisha kupita imo humo na kwenye bakuli la kabureta. Filta iweke mbele chini ya tangi. Ile ya plastiki karibu na distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) ni moto unaosubiri mpira kuchomoka.

Geji ikisoma vibaya baada ya hapo, usikimbilie kununua boya (kipimo cha geji kinachoelea ndani ya tangi). Rangi ya tangi jipya mara nyingi inazuia eathi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi. Vuta waya mmoja kutoka skrubu ya geji hadi kwenye bodi, kisha ndiyo upime tena.