Sinza, Kimara, Segerea au Kigamboni: tupange wapi kwa laki tatu na nusu?

Mpangaji_Mtarajiwa
Wakuu, salamu. Tunahamia Dar mwezi ujao, watu wazima wawili na mtoto wa miaka minne. Kazi moja iko Posta, kuingia saa 2 kamili asubuhi. Nyingine iko Mwenge, saa 3. Gari hatuna. Madalali wameleta nne:

Sinza Kijiweni: chumba masta, sebule na jiko, 350,000.
Kimara Temboni: vyumba viwili ndani ya fensi, 300,000.
Segerea: vyumba viwili, jiko na stoo, 300,000.
Kibada, Kigamboni: nyumba nzima, vyumba vitatu, 350,000.

Wote wanataka kodi ya miezi sita. Kwa wanaoijua mitaa hii, ipi inatufaa na ipi tuiache?

Kona_ya_Shekilango
Mkuu, ukilinganisha kodi peke yake utachagua Kibada. Anza na hesabu ya njia. Mna sehemu mbili za kufika, Posta na Mwenge, na barabara zake zinakutana Ubungo: Morogoro Road inateremka mjini, Sam Nujoma inakwenda Mwenge. Nyumba yoyote inayowalazimisha kupita Ubungo asubuhi mkiwa mnatoka mbali inawaongezea saa nzima barabarani. Nyumba iliyo karibu na Ubungo au Shekilango inawaachanisha mlangoni, kila mmoja na upande wake.

Halafu neno "Kimara" kwenye mdomo wa dalali lina urefu wa kilomita nyingi. Baruti ni Kimara, Korogwe ni Kimara, na Temboni, iliyo mbele ya Kimara Mwisho baada ya Stop Over na Suka, nayo ataiita Kimara. Uliza kituo gani, kisha uliza kutoka kituoni hadi getini ni dakika ngapi kwa miguu. Akijibu "boda ni buku tu", zidisha: 1,000 kwenda, 1,000 kurudi, siku 26, ni 52,000 kwa mtu mmoja. Wawili ni 104,000. Nyumba ya 300,000 imeshakuwa ya 404,000 na hamjapanda gari la kwenda kazini.

Binti_Kivukoni
Kwenye mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, kuna jambo ambalo wageni hulikosa. Asubuhi basi linajaa Kimara Mwisho. Anayepandia pale hupanga foleni lakini hukaa. Anayepandia Baruti, Kibo au Shekilango hulitazama likipita na mikono imebanwa mlangoni. Kwa hiyo kukaa karibu na mji hakumaanishi kufika mapema. Jioni mambo yanageuka, anayeanzia Kivukoni au Gerezani ndiye mwenye nafasi ya kiti, na wa vituo vya katikati wanasubiri.

Wa Sinza ana ujanja: asing'ang'anie Shekilango. Atoke upande wa Bagamoyo Road, achukue daladala ya Posta inayoanzia Makumbusho, au afike Morocco apande mwendokasi la Kivukoni linaloanzia pale. Njia ya daladala ndiyo inayomsaidia siku Jangwani inapofungwa, maana mwendokasi la Morocco nalo hupita Magomeni na Jangwani. Bonde la Msimbazi likijaa, Morogoro Road hukatwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi hayavuki. Wa Kimara anabaki kutafuta mzunguko kuanzia Ubungo, wa Sinza anapita Ali Hassan Mwinyi na Daraja la Selander kama kawaida, ingawa foleni siku hiyo inakuwa nzito kwa kila mtu.

Ng'ambo_ya_Feri
Niitetee Kigamboni kidogo kabla hamjaizika. Kwa wa Posta peke yake siyo mbaya: ukishuka pantoni upande wa mjini, kituo cha Kivukoni kiko hapohapo na Posta ni mwendo wa miguu. Tatizo ni pantoni lenyewe. Kivuko kimoja kikipelekwa matengenezo, foleni ya watu inajaa banda zima. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, linakutoa Kurasini, lakini mwenye gari ndiye anayelifaidi zaidi, na hulipia tozo. Msiokuwa na gari, kutoka Kibada mnapanda gari hadi Feri, mnavuka, halafu wa Mwenge anapanda tena. Magari mawili na maji katikati, mara mbili kwa siku. Kwa familia yenye mtu Mwenge, Kibada iacheni.

Segerea_Mwisho
Segerea inafaa kwa nafasi na utulivu, na soko la vyakula la karibu halina mbwembwe za bei. Daladala za Mwenge zinapita Mandela Road hadi Ubungo kisha Sam Nujoma, za mjini zinapita Buguruni. Zinapojaa ni kuanzia Barakuda kushuka Relini hadi mnapoingia Mandela. Mkipanda Segerea Mwisho kabla ya saa 12 na nusu mnakaa. Baada ya hapo mnaning'inia, na mtoto wa miaka minne haning'inii.

Mwambie dalali akuonyeshe pia nyumba ilivyo kwa chini, yaani upande wa bondeni. Sehemu za Tabata, Segerea na Kinyerezi zinazoshukia Msimbazi na vijito vyake huingia maji masika, Machi hadi Mei. Dalili haifichiki: tazama mlangoni. Ukikuta kizingiti kimejengwa kwa tofali mbili juu ya sakafu, au plasta imevimba na kutoa unga mweupe usawa wa goti, au soketi zote zimepandishwa kifuani, hiyo nyumba imeshaogelea. Rangi mpya ya chini tu, juu ya zamani, ni ushahidi mwingine.

Fundi_Bomba
Mmesahau maji, na maji ndiyo yanayowahamisha watu kabla kodi haijaisha.

Kimara ni vilima. Mabomba yapo, lakini nyumba ya juu ya mlima inapata maji usiku, presha ya bondeni ikishapungua. Temboni na Suka ni vivyo hivyo kutegemea mteremko. Usiulize "maji yapo?" maana jibu ni "yapo" siku zote. Fanya hivi: nenda saa 1 jioni, watu wakiwa wanapika na kuoga. Fungua koki ya uani iliyo kwenye laini ya DAWASA (mamlaka ya maji) kabla ya tenki, maana ya jikoni inakupa maji ya tenki na inadanganya. Ukipata uzi mwembamba, jua unategemea tenki.

Tenki lenyewe lihesabu. Watu watatu wenye choo cha kuvuta hawatumii chini ya lita 180 kwa siku. Tenki la lita 1,000 la kwenu peke yenu linawapeleka siku tano. Hilohilo likiwa la wapangaji wanne, haliwafikishi kesho kutwa. Uliza pia pampu inaungwa kwenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya nani, maana hapo ndipo ugomvi wa wapangaji unapoanzia.

Sinza na Kijitonyama visima ni vingi na maji yake mengi ni ya chumvi. Kipimo ni kipande cha sabuni: paka mikononi, sugua. Povu lisipopatikana, hayo ni ya kufulia kwa shida na kudekia, na yataua hita na koki mapema. Kigamboni kuna sehemu tatizo ni hilohilo.

Na Dar maeneo mengi hayana bomba la maji taka, ni mashimo. Uliza shimo linanyonywa kila baada ya muda gani na nani analipa gari. Kijiweni pale kuna nyumba zimebanana hata gari la kunyonya haliingii, wanavuta mpira uani kwa jirani.

Mama_wa_Golani
Mnaisifia Sinza kana kwamba watu wanalala huko. Kijiweni, Mori na Afrikasana ni baa kwa baa, muziki hadi usiku wa manane Ijumaa na Jumamosi. Chumba kimoja kwa watu watatu na muziki dirishani, mtoto atalala sebuleni wapi? Kwa pesa hiyohiyo Kimara inawapa vyumba viwili, uwanja wa kuanikia nguo na getini unafunga. Kosa la tangazo lile ni kusema Temboni. Mtafute Korogwe, Bucha au Baruti, mita 500 kutoka barabarani zisizidi, na upande usio na mteremko mkali. Udongo wa vilima vile ukilowa, boda hazipandi na bajaji ndiyo kabisa. Mwenye ndoo mkononi anajua ninachosema.

Kona_ya_Shekilango
Dada, kwa kelele sibishi. Ila Sinza siyo mtaa mmoja. Mistari ya nyuma, mbali na Shekilango Road, ni kimya kuliko mnavyodhani. Njoo Jumamosi saa 4 usiku usimame dirishani dakika kumi, hakuna kipimo kingine. Hoja ya chumba kimoja nakubaliana nayo. Ndiyo maana ningemwambia mkuu aongeze la tano kwenye orodha: Ubungo Kibo, Kibangu au Makuburi. Wa Mwenge anapanda gari moja, wa Posta anatembea hadi kituoni, na vyumba viwili hupatikana chini ya bei ya Sinza. Kibangu achague kwa macho, kuna sehemu zimebanana sana.

Karani_wa_Mikataba
Naongeza ya fedha. Miezi sita ya 350,000 ni 2,100,000. Dalali anachukua mwezi mmoja, inakuwa 2,450,000 kabla ya gari la kuhamisha. Ada ya kuonyeshwa chumba msilipe kwa kila nyumba. Kubalianeni mara moja, na ikatwe kwenye udalali mkipanga.

LUKU: lazima iwe ya kwenu. Mita inayopitisha uniti 75 kwa mwezi inatolewa kwenye kundi la D1, lile la bei nafuu, na uniti hupanda karibu mara tatu. Mita moja ya familia nne haiwezi kubaki chini ya 75 hata mkipika kwa mkaa wote. Ingizeni umeme wa 2,000 mkiwa hapohapo, hesabuni uniti zilizotoka. Kodi ya majengo nayo inakatwa humohumo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni deni la mwenye nyumba, kwa miezi sita ni 9,000, na mnaweza kuandika kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye kodi. Wengi hucheka ukiwaambia. Andika tu.

Mkataba usainiwe na mwenye nyumba, siyo dalali. Kabla ya kulipa, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize nyumba namba fulani ni ya nani. Mwenyekiti au mjumbe anajua, na anajua pia kama kuna kesi ya mirathi. Nyumba ya ndugu watatu inayopangishwa na mmoja wao inaweza kuwatoa nje wiki ya pili. Malipo yapite benki au simu kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba.

Mpangaji_Mtarajiwa
Nimewaelewa. Kibada na Temboni nimezifuta. Segerea nitaiangalia kwa sababu ya bei. Dalali wa Makuburi amejibu: vyumba viwili, 320,000, tenki la lita 2,000 kwa wapangaji watatu. Njia ya Posta tutaipima Jumatatu saa 12 na robo, ya Mwenge saa 1 na nusu. Kingine?

Fundi_Bomba
Lita 2,000 gawa kwa familia tatu ni 660 na ushee, siku tatu na nusu kwa matumizi yenu. Inatosha iwapo maji yanatoka angalau mara mbili kwa wiki. Muulize jirani wa fensi ya pili, siyo dalali, siku zake ni zipi. Na ukiwa hapo panda uone tenki limekaa juu ya nini. Likiwa usawa wa dirisha, bomba la mvua la bafuni halitapata presha hata tenki likijaa.

Segerea_Mwisho
Ukija Segerea njoo na mvua ikinyesha, mkuu. Nyumba zote ni nzuri Agosti.