Mifereji ya magurudumu TANZAM: tulaumu malori au hesabu za lami?

Mhandisi Kijana: Wakuu, naleta hoja. Barabara ya TANZAM, yaani Dar–Tunduma kuelekea Zambia, inabonyea kwenye njia za matairi, hasa milimani na pale malori yanapojipanga foleni. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazogawa barabara tabaka kwa tabaka: unaingiza joto, kasi ya gari, upepo wa tairi, nayo inakadiria mfereji utafika milimita ngapi baada ya miaka kadhaa. Kwa nini isiwe sharti kabla mkandarasi hajaingia kazini? Mwongozo wa usanifu wa 1999 ulitufundisha kugeuza kila ekseli kuwa ekseli sanifu ya tani 8.16 kwa kipeo cha 4.5 (uzito wake unagawa kwa 8.16, jibu unalipandisha kwa kipeo hicho, unapata uharibifu wake), basi. Hao wahuni wanaozidisha mzigo nao wataumbuka.

Dereva wa Masafa: Wahuni ni akina nani? Kontena nalikabidhiwa bandarini likiwa na lakiri. Sina ruhusa hata ya kuchungulia. Mizani ikisema ekseli ya nyuma imezidi, ninayelala porini na utingo wangu ni mimi, tajiri yuko kwake.

Mwalimu wa Hesabu: Pole ndugu yangu, lakini ekseli ikizidi kwa asilimia 10 tu, hata kwa kipeo cha 4 badala ya 4.5, uharibifu unapanda kwa asilimia 46. Ikizidi kwa asilimia 20 unakuwa zaidi ya mara mbili. Lami haiulizi nani alipakia.

Dereva wa Masafa: Mimi nimeuliza nani mhuni, umenijibu hesabu.

Kumbukumbu: Haya yalianza zamani. Oktoba 2013 Magufuli, akiwa Waziri wa Ujenzi, alifuta msamaha wa tozo kwa mzigo uliozidi ndani ya asilimia 5. Malori yakagoma, Waziri Mkuu Pinda akaurudisha. Kama angeachwa, tusingekuwa tunajadili mifereji leo.

Binti Uyole: Usiingize siasa. Tangu Machi 2019 tunatumia sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, kikomo tani 56, na mifereji bado ipo.

Kumbukumbu: Siasa ipi? Nimetaja kilichotokea. Ninyi likitajwa jina la Magufuli tu mnapandisha.

Binti Uyole: Ninyi akina nani? Jibu hoja ya 2019.

Dada wa Maabara: Naomba turudi barabarani. Hicho kipeo cha 4 kilitoka kwenye majaribio ya barabara ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa Marekani, kule Ottawa, Illinois, 1958 hadi 1960, mahali penye baridi kali na theluji. Kilitokana na hali ya barabara kwa ujumla, hakikuwa kipimo cha lami inayotiririka kwenye jua la Ruaha Mbuyuni. Lami inapobaki na uwazi wa hewa chini ya asilimia 3 hivi, kokoto hazishikani tena. Lori likipanda mlima Kitonga kwa gia nzito, tairi linakaa juu ya lami ya moto muda mrefu, na lami inasukumwa pembeni kama ugali uliokosa unga. Hapo hata lori lenye uzito halali linachimba.

Kuhusu programu, Mhandisi, nakupinga waziwazi. Zile maarufu za Marekani zilirekebishwa kwa vipimo vya barabara zao. Ukiziingizia kasi ya kilomita 80 na joto la kukisia, zitakupa mfereji wa milimita 6 wenye grafu ya kupendeza, na mradi utapitishwa. Kwanza lami yenyewe ipitishwe chini ya gurudumu la maabara, mara 20,000 kwenye maji ya nyuzi 50. Pia tunahitaji uzito wa ekseli zote zinazopita, zikiwemo zilizozidi.

Mhandisi Kijana: Dada, kwa hiyo tukae bila programu mpaka lini? Kila nchi ilianza na data pungufu.

Dada wa Maabara: Mnaanza na data pungufu kwenye utafiti. Fedha za umma mnazilinda kwa kupima.

Dereva wa Masafa: Dada asante. Kitonga ukiwa na mzigo hiyo 80 unaisikia redioni. Tena siku hizi trela nyingi zina tairi moja pana badala ya mbili, na upepo wake ni mkali. Hilo hakuna aliyeligusa.

Mwalimu wa Hesabu: Dawa ni treni. SGR, reli ya kisasa, ibebe mzigo wote.

Binti Uyole: Mwalimu, SGR inaelekea Mwanza. Shaba ya Zambia na Kongo inapita Tunduma, na reli ya huko ni TAZARA.

Kumbukumbu: TAZARA nayo nani aliiua? Tuanze hapo.

Dereva wa Masafa: Anzeni. Mimi kesho napakia.